Kiingereza cha Maharage

Kihagara,
9 Februari 2025

Rukia mwanangu,

Barua yako ilifika Ijumaa. Niliifungua dukani mbele ya wateja, kwa mbwembwe zote, barua ya mwanangu wa kidato cha kwanza, nikakuta Kiingereza kutoka juu mpaka chini. Ikabidi nifunge duka, nijitande khanga, nipande mpaka kwa Mwalimu Henry wa shule ya msingi ili anisomee barua ya mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Akasoma. Wewe uko fine. Shule ni fine. Chakula ni fine, kitanda ni fine, hata baridi ya Mbinga nayo ni fine. Nikamuuliza, mwalimu, hilo neno ni chumvi, linatiwa kila mahali? Akasema maana yake ni nzuri, au salama, au si mbaya sana, au basi tu inatosha, inategemea. Nikamuuliza inategemea nini. Akasema inategemea anayesema. Nikamshukuru, nikarudi nyumbani nimekasirika kuliko nilivyotoka.

Rukia, wewe ulikuwa ukitumwa nyanya tatu gengeni, unarudi na habari za genge zima, nani kavaa nini, nani kamnunia nani, nyanya ipi ilitaka kuoza upande gani, mpaka mboga inaungulia jikoni. Marehemu baba yako alikuwa akisema huyu atatangaza redioni. Leo miezi haijapita unaniandikia mistari sita, yote ya neno moja. Unaumwa? Wanakupiga? Kuna mtu kakukataza kusema?

Andika upya, kwa Kiswahili. Nieleze unalala karibu na nani, maji mnayatoa wapi, na kama blanketi linatosha. Usiipitishe ofisini kwao. Kilian, konda wa basi la Mbinga, anashusha mizigo hapo shuleni kwenu kila wiki. Mpe yeye, nimeshamwambia.

Mama yako,
Mwanahawa


Shuleni, Mbinga
21 Februari 2025

Shikamoo mama,

Siumwi na hawanipigi. Barua zinazopita ofisini lazima ziwe za Kiingereza na matroni anazisoma kabla hazijafungwa. Nilikuwa na maneno machache, ndiyo nikayagawa kila mahali.

Usidhani darasani nashindwa. Naweza kukuandikia kwa Kiingereza jinsi maji yanavyogeuka mvuke, na jinsi mmea unavyojipikia chakula kwa jua. Nimekariri na nimepata vema. Lakini mama, sijui kusema ndoo inavuja. Sijui beseni. Sijui foronya, sijui kuni mbichi, sijui kamba imelegea, uji umeshika moto, shati limechuja. Vitabu vimeruka vitu vyote tunavyovishika. Na hata nikikijua kitu chenyewe, sijui kusema kikoje. Kuna kizuri, kuna kibaya, kuna hilo neno lililokuudhi. Basi.

Na Kiswahili hapa ni marufuku, isipokuwa kwenye kipindi chake. Kuna kibao cha mbao chenye kamba na maandishi ya Kiingereza. Mwenzako akikusikia unasema Kiswahili anakuvalisha shingoni, na wewe unakaa nacho mpaka umsikie mwingine umvalishe. Atakayekutwa nacho jioni anasugua masufuria ya jikoni yote, na unajua masufuria ya shule, mtu anaweza kuogea. Kwa hiyo bwenini kwetu ni kimya kama kuna msiba. Tunaonyeshana kwa vidole. Jana msichana mmoja alitaka kuazima kitana, akaishia kujikuna kichwa mbele yetu mpaka tukadhani ana chawa.

Mimi usinihofie, niko makini.

Nalala karibu na Jacqueline wa Ruanda, kijiji cha hukuhuku Mbinga, kwao wanalima kahawa. Hana maneno mengi hata kwa lugha yake, ila ni mtu mzuri. Maji tunatoa bombani chini ya bweni, ni ya baridi mpaka meno yanauma. Blanketi halitoshi, navaa sweta mbili.

Nakuomba kitu. Mwalimu Henry kama ana maneno ya vitu vya kawaida, na maneno ya kusema vitu hivyo vikoje, niombee uniletee kwa Kilian.

Mwanao,
Rukia Ilyasi


Kihagara,
6 Machi 2025

Rukia,

Funga njema. Nimekuwekea kwenye mfuko wa Kilian tende na usipa wa kukaanga, dagaa wa ziwa letu, wa kufuturu, usimpe matroni.

Mwalimu Henry nimemwendea. Mtu amesoma chuo, nikamwambia nipe maneno ya vitu vya nyumbani. Akanipa meza, kiti, dirisha na ng'ombe. Nikamuuliza ng'ombe wa nini bwenini. Akasema ndivyo kitabu kinavyoanza. Nimechoka na hicho kitabu na sijawahi hata kukiona.

Basi nikarudi dukani, nikakaa, nikatazama rafu zangu. Nikajisemea, Mwanahawa, wewe ni mjinga, umezungukwa na Kiingereza pande zote na unahangaika kupanda kilima. Kila boksi hapa limeandikwa sifa zake. Na wenye viwanda si wajinga, wakisifia kitu wanakisifia kweli. Nimekunakilia herufi kwa herufi, na maana yake nimeitafuta kwa kuangalia limeandikwa kwenye nini.

Extra strong. Liko kwenye gundi na kwenye dawa ya mbu, kwa hiyo ni kitu kikali.

Long lasting. Liko kwenye betri na manukato. Kitu kinachodumu, hakiishi upesi.

Mild. Liko kwenye sabuni ya watoto wachanga. Kitu cha upole, hakiwashi.

For oily skin. Limeandikwa kwenye krimu ya bei mbaya, ile anayonunua mke wa mtendaji. Nadhani ni kitu chenye mafuta mazuri.

Na hili la mwisho ni refu lakini lishike vizuri: keep in a cool dry place. Liko kwenye biskuti, kwenye unga wa ngano, kwenye maziwa ya kopo, hata kwenye dawa. Kwa vile liko kwenye vitu vyote vya maana, nimeona ndiyo sifa kubwa kuliko zote.

Yatumie bila woga. Wakikuuliza umeyatoa wapi, waambie mama yako ni mfanyabiashara.

Mama yako,
Mwanahawa


Shuleni, Mbinga
19 Machi 2025

Shikamoo mama,

Mama, umeniua.

Madamu Luisa wa Kiingereza alituambia tusimame mmoja mmoja, kila mtu aeleze chakula alichokula jana jioni. Waliotangulia wakasema wamekula maharage na maharage yalikuwa fine. Darasa zima fine, Madamu anasinzia. Mimi nikajua leo ndiyo leo. Nikasimama, nikashika kiti, nikasema kwa sauti kwamba maharage ya shule ni extra strong, ni long lasting, si mild hata kidogo, ni for oily skin, na kwa jumla keep in a cool dry place.

Jacqueline alishuka chini ya dawati. Yeye ambaye hacheki. Madamu Luisa aligeukia ubao akakaa hivyo muda mrefu, mabega yanatikisika, kisha akafuta macho kwa mkono wenye chaki, uso ukawa mweupe, wakacheka upya. Ile ya mwisho, mama, maana yake weka mahali pakavu penye ubaridi. Si sifa. Ni maagizo kwa muuza duka. Wewe ndiye ulikuwa unaambiwa.

Sasa naitwa Sabuni, kwa sababu ya ile ya ngozi ya mafuta. Kidato cha pili nao wananiita Sabuni. Jikoni wananiita Sabuni.

Madamu alinibakisha baadaye. Alisema angalau mimi nimejaribu kusema maharage yakoje, wenzangu hata hawakuyatazama. Lakini akasema niache maboksi.

Kwa hiyo nakuomba usiniletee mengine. Nisamehe mwandiko, vidole vimechanika kwa majivu na kalamu inaniuma.

Usipa ulikuwa mtamu. Nimekula na Jacqueline, hajawahi kula wa ziwani uliokaangwa siku hiyohiyo.

Mwanao,
Rukia


Kihagara,
5 Aprili 2025

Rukia,

Majivu ya nini?

Nimeisoma barua yako nikacheka peke yangu dukani, kisha nikafika hapo kwenye majivu nikaacha kucheka. Idd imepita, nimepika pilau, nimegawa kwa majirani, na kichwani nina majivu tu. Nikamshika Kilian akishusha soda zangu. Nikamwambia Kilian, mimi na wewe tunaheshimiana, niambie ukweli. Akajikuna. Kilian akijikuna najua kuna jambo.

Kumbe kila akipita hapo shuleni anakukuta nyuma ya jiko umepiga magoti kwenye sufuria, na shingoni umening'iniza kibao kama mbuzi wa mnadani. Tangu Februari. Kumbe uliponiandikia uko makini ulikuwa umeshakivaa.

Sasa nisikilize. Mimi sikuuza viatu na vitenge msimu mzima wa kahawa nikizunguka minada ya Mpepai na matope yake ili mtoto wangu akawe msugua masufuria. Masufuria hata hapa yapo. Sheria si wamewaambia? Ukimsikia mwenzako unamvalisha. Basi msikilize mtu, umvalishe. Huyo Jacqueline wako si mnalala pamoja? Haongei usingizini? Hajikwai? Mvalishe yeye, yeye atamvalisha mwingine, na dunia itaendelea. Kila mtu hapo anafanya hivyo, isipokuwa mwanangu aliyekuja kuwa mtakatifu kwa zamu ya jiko.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wewe vidole vimeshaanza.

Nimekuletea mafuta ya mgando. Paka mikono.

Mama yako


Shuleni, Mbinga
17 Aprili 2025

Shikamoo mama,

Umekasirika na una haki, lakini soma mpaka mwisho kabla hujamshika tena Kilian.

Kibao nilikipata kwa shikamoo. Wiki ya pili, asubuhi, nilipishana na Bibi Kunigunda, mpishi mkuu, amebeba kuni kichwani, mtu mzima kabisa, sawa na bibi. Wenzangu wote walimwambia good morning kama wanavyoambiana wao kwa wao. Mimi mdomo ukakataa. Nikasema shikamoo bibi. Akaitikia marahaba mwanangu, na kiranja akanivalisha palepale. Kama hilo ni kosa, umelifanya wewe uliyenifundisha.

Siku za kwanza nilikuwa natafuta wa kumpa. Halafu nikagundua jambo. Mtu mwenye kibao ameshakamatwa. Masufuria yake yameshamngoja. Hata akisema Kiswahili kutwa nzima, hawana cha kumwongezea. Mama, katika shule nzima ni mimi peke yangu ninayeweza kusema.

Ikawa wenzangu wananifuata chooni, wananinong'oneza, mimi nakwenda kusema. Kuna aliyekuwa akiumwa jino, kila siku anamwambia matroni my tooth is bad, anapewa panadol. Nikaenda nikasema linapwita, linapanda mpaka sikioni, na fizi imevimba upande wa ndani. Alipelekwa hospitali kesho yake. Kuna wa kidato cha pili hakujua kueleza kwamba godoro lake limelowa kwa sababu bati linavuja, wakadhani amekojoa, akaonewa mwezi mzima. Nikalisema bati. Wakanijia wengine. Wananinong'oneza mimi, Kiswahili kabisa, na wanajua sitamkamata hata mmoja. Jacqueline ananisaidia kuchota majivu ingawa si zamu yake.

Masufuria yanachosha, sikufichi. Lakini kunyamaza kulikuwa kunachosha zaidi. Wiki ile ya kwanza nilikuwa nafika jioni koo linauma kama nimepiga kelele, na sijasema neno.

Mafuta nimepata, asante.

Rukia


OFISI YA MWALIMU WA NIDHAMU
Mbinga, 12 Mei 2025

Kwa: Mzazi wa mwanafunzi Rukia Ilyasi, Kidato cha Kwanza
YAH: UTOVU WA NIDHAMU WA MWANAO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwanao amekuwa na kibao cha lugha tangu mwezi Februari na hajaonyesha jitihada yoyote ya kukiondoa. Aidha, tarehe 8 Mei, wageni kutoka wilayani walipotembelea bwalo la chakula, mwanafunzi huyu alisimama bila ruhusa na kuwaeleza kwa Kiswahili, kwa muda mrefu, kwamba maharage yametobolewa, yana wadudu wanaoelea juu ya mchuzi, yananuka uvundo wa gunia, na kwamba yanaachia mchanga kwenye meno. Jambo hili limeidhalilisha shule, ambayo sifa yake ni lugha.

Uongozi umeamua kwamba, endapo atakutwa tena na kibao baada ya tarehe 19 Mei, siku yoyote ndani ya mwaka huu, atarudishwa nyumbani moja kwa moja.

Unatakiwa kufika shuleni Ijumaa tarehe 23 Mei, saa nne asubuhi, bila kukosa.

Mwl. Hamphrey
Nidhamu


Kihagara,
15 Mei 2025

Rukia mwanangu,

Nimepata barua ya shule. Hii yao wameiandika Kiswahili, safi, nimeisoma mwenyewe bila kwenda kwa mtu. Kumbe wanakijua.

Sitakugombeza kuhusu maharage. Nimesoma ulichosema na nimeyaona hayo maharage, nimeyanusa, nikasukuma sahani yangu ya mchana. Lakini tazama tulipofika. Wanakurudisha. Na wewe ukirudi, hakuna shule nyingine. Baba yako mkubwa Abdulmalik ameshasikia, amekuja hadi hapa, amekaa kwenye kiti changu, anasema duka lake la Mbamba Bay linataka msichana wa kukaa kaunta na wewe unafaa kwa maneno. Nimempa chai na sikumjibu.

Mimi kila karatasi ya Kiingereza inayofika hapa naipeleka kwa Henry. Ya mapato, ya benki, ya afya, ya kiwanja. Naweka sahihi mahali anaponionyesha. Henry akikosea au akichoka, mimi nimepotea. Nataka katika ukoo huu awepo mtu mmoja asiyesomewa. Nilitaka uwe wewe.

Kwa hiyo nakuomba, na hapa si mama anayefoka, nakuomba kweli. Kitoe. Kabla ya tarehe hiyo yao. Mvalishe Jacqueline, yeye hajaonywa, hana la kupoteza ila masufuria. Kisha ufunge mdomo. Ukiona ndoo inavuja, acha ivuje. Vumilia mpaka Kiingereza kikujie.

Najua ninachokuomba. Fanya hivyohivyo.

Mama


Shuleni, Mbinga
18 Mei 2025

Shikamoo mama,

Nimekitoa.

Jana tulikuwa tunafua na Jacqueline. Povu likamwingia machoni, akaniita, Rukia, nipe maji. Nikampa maji. Akanawa, akafungua macho, nikamvalisha.

Aliinama tu kamba ipite vizuri kichwani.

Nanyamaza kama ulivyosema. Wasichana hawanifuati tena chooni. Shule ni fine.

Rukia


Shuleni, Mbinga
27 Mei 2025

Shikamoo mama,

Natumaini ulifika salama. Mimi tangu Ijumaa natembea natazama chini, kwa sababu shule nzima inajua mama yangu ni nani.

Nilijua utakuja kuomba msamaha. Nilikuwa nimesimama pale ofisini nimeandaa uso wa msamaha. Mwalimu Hamphrey akaanza, karibu mama, keti, akaeleza faida za kuzungumza Kiingereza, akaeleza vizuri sana, na ukasikiliza mpaka mwisho. Halafu ukamuuliza, mwalimu, haya yote umenieleza kwa lugha gani? Akasema ni kwa ajili yako mama, ili uelewe. Ukasema, kumbe Kiswahili ni cha kuelewana. Madamu Luisa akatazama dirishani. Hapo ungeishia, mama. Hapo palitosha kabisa.

Lakini ukauliza leo kibao yuko nacho nani. Wakamwita. Ukamvua, ukakivaa mwenyewe, ukasema mimi nimesema Kiswahili tangu getini, na masufuria niko tayari nionyesheni yaliko. Mzee mzima wa nidhamu akashindwa kukwambia kivue. Ukakaa nacho kikao kizima, juu ya baibui, unauliza habari ya maharage kama unauliza bei. Na ukaondoka nacho. Kilian anasema hata kwenye basi ulikuwa nacho na abiria walikuwa wanakusomea.

Umeshinda, sikatai. Maharage yamebadilishwa. Wametangaza kwamba kwa matroni mgonjwa aseme lugha anayoijua, na mimi nimebaki shule. Ila onyo langu liko palepale, mpaka mwisho wa mwaka.

Sasa nikwambie usilolijua. Yule msichana uliyemvua kibao, yule mwembamba uliyemshika shavu ukamwambia pole mwanangu, ndiye Jacqueline. Na Jumatatu fundi Frederick akaleta kibao kipya, mbao ya mninga, kizito kuliko kile. Wakasema aliyekuwa nacho mwisho ndiye aendelee. Wakamrudishia yeye.

Yuko nyuma ya jiko kila jioni. Mimi nikipita anageuza uso. Bwenini analala ameelekea ukutani. Anawasemesha wote, kibao anacho, anaruhusiwa, ila mimi hanisemeshi hata neno. Nikimkaribia anaondoka. Na kila jioni nikirudi kutoka maktaba nakuta ameniwekea ukoko kwenye bakuli langu, ule wa chini ya sufuria anayoisugua. Nimeelewa anachoniambia. Ananikumbusha nani anasugua.

Naula, kwa sababu kuuacha ingekuwa vibaya zaidi. Unanikwama kooni.

Wewe ndiye ulimtaja kwa jina, mama. Mara mbili. Mimi nilikutii, na sasa sijui nitamwambiaje mtu samahani kwa Kiingereza akaamini.

Mwanao,
Rukia


Kihagara,
30 Mei 2025

Mwanangu Jacqueline,

Hunijui, ila umeniona. Mimi ni yule mama aliyekuvua kibao ofisini, akakushika shavu, na hakujua amemshika nani.

Nakuandikia moja kwa moja kwa sababu nikimwandikia Rukia nitamfokea, na safari hii hastahili. Mimi ndiye niliyemwambia akukamate. Nilikutaja jina, nikiwa hapa kwenye kiti changu, nakunywa chai. Nilisema hana la kupoteza ila masufuria. Sikuwa nimewahi kukuona unavyokaa kwa adabu, wala sikujua wewe ndiye uliyekuwa ukimchotea majivu. Kisha nikaja huko nikajifanya shujaa, nikaondoka na kibao cha watu, na kwa kiherehere changu wakakutengenezea kizito zaidi. Nimekitazama hiki nilichonacho kila siku nikiona aibu.

Nichukie mimi, ni haki yako. Rukia usimchukie. Hali chakula vizuri. Huo ukoko unaomwekea unamkwama.

Idd ya kuchinja inaangukia mnapofunga shule. Ukikubali kuja naye nitaongea na wazazi wako kwa simu, nitawaomba kwa heshima. Usipotaka, nitaelewa.

Nimekuletea mafuta ya mgando kwa ajili ya mikono.

Mama Rukia


Shuleni, Mbinga
3 Juni 2025

Shikamoo mama,

Barua nimepata kwa Kilian, na mafuta. Mimi si mtu wa kuandika, nisamehe ikiwa fupi.

Rukia simchukii. Nilikasirika siku ile ya povu, mpaka jioni. Halafu alikuja kulala nikamsikia anavyolia chini ya blanketi, hasira ikaisha.

Sababu ya kutomsemesha ni hii. Mimi nina kibao, nikisema Kiswahili hawanifanyi kitu. Yeye akisema anafukuzwa. Na Rukia wewe unamjua. Ukimwambia neno moja la Kiswahili atajibu kumi kabla hajakumbuka, na viranja wako kila kona wanamvizia yeye tu. Ndiyo maana nikimwona anakuja naondoka. Usiku nalala nimeelekea ukutani kwa sababu tukitazamana ataanza.

Wengine nawasemesha. Sasa wananifuata mimi chooni. Sijui kueleza kama yeye, nakatika katikati, lakini juzi nimemwambia mlinzi habari ya waya ulioanguka njia ya bombani na wameutoa. Kiranja alitaka kumvalisha mtu mwingine kibao, nikamwambia mimi bado nakitaka.

Ukoko ni kwamba aliyesugua ndiye wa kwanza kuukwangua, na ule wa pembeni unakuwa mtamu, una chumvi. Nikaona hilo naweza kumwambia bila mdomo. Sikujua ameuelewa vingine. Mwambie wewe, mimi siwezi mpaka Ijumaa tunapofunga shule.

Ijumaa tukishavuka geti na basi likiondoka, hakuna kibao. Wazazi wangu wamekubali. Nitakaa naye kiti kimoja mpaka Kihagara, mwambie asilale njiani, maneno yote nimemwekea.

Jacqueline